Kisima chetu kinapungua maji: ni ukame au ni mgodi?

Swali: Mimi ni katibu wa chombo cha watoa huduma ya maji katika kijiji kimojawapo cha Wilaya ya Chunya. Tuna visima viwili vya pampu ya mkono. Umbali wa kilomita mbili hivi kuna mgodi wa wazi wa dhahabu, na pampu zao hutoa maji shimoni usiku na mchana. Tangu kiangazi cha mwaka juzi kisima kimoja kinatoa maji kwa kukatakata, na akina mama wanapanga foleni hadi usiku. Watu wa mgodi wanasema ni ukame, na kwamba visima vyao vya kupimia havioneshi tatizo lolote. Wazee wetu wanasema ni baruti. Tufanye nini ili tujue ukweli, na je, vipimo tutakavyochukua wenyewe vitasikilizwa?

Jibu: Ndugu Katibu, kwa maelezo haya peke yake hakuna mtaalamu mwaminifu anayeweza kukuambia kama maji ya kisima chenu yamevutwa na mgodi au yamepungua kwa uhaba wa mvua. Sababu hizo mbili huonekana kijijini kwa sura moja: mpini wa pampu unapigwa muda mrefu kabla maji hayajatoka, ndoo moja inachukua muda wa ndoo tatu, na ifikapo jioni kisima hakitoi kitu. Hata hivyo zinaweza kutenganishwa, na kinachozitenganisha ni kumbukumbu za kina cha maji zilizochukuliwa mahali pale pale, kwa njia ile ile, kwa mwaka mzima na zaidi, zikiwekwa pamoja na kumbukumbu za mvua na za kiasi cha maji kinachotolewa shimoni. Kazi hiyo inahitaji daftari, mtu mwenye subira na kanuni chache, ambazo nitazieleza kwa urefu, kwa sababu zisipofuatwa vipimo vyenu vitapingwa siku ile ile vitakapowekwa mezani.

Kabla ya yote, ondoeni shaka juu ya pampu yenyewe. Mpira wa pistoni ukichakaa, au bomba la kupandishia maji likivuja kwenye maungio, kisima huonekana kimekauka ilhali maji yapo pale pale yalipokuwa. Fundi aifungue pampu, abadilishe vipuri vilivyoisha, na aandike mambo mawili: silinda (sehemu ya pampu inayovuta maji, iliyo ndani ya kisima) imeshushwa mita ngapi, na maji yamekutwa mita ngapi. Kisima chenye urefu wa mita 60 ambacho silinda yake imekaa mita 27 kitaacha kutoa maji mara usawa wa maji utakaposhuka chini ya silinda hiyo, ingawa chini yake bado kuna mita 33 za maji. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwenu, nafuu ya haraka ni kuongeza mabomba na fito kabla ya kufikiria kuchimba kisima kipya. Pampu ya Afridev, kwa mfano, hufanya kazi hadi kina cha mita 45 hivi. Nafuu hiyo itawapa maji, lakini haitajibu swali la kwa nini usawa wa maji umeshuka.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya uwanda wa dhahabu wa Lupa, ambako uchimbaji ulianza miaka ya 1920, imekaa juu ya miamba migumu ya kale, ya jamii ya graniti na ndugu zake. Mwamba wa namna hiyo ukiwa mzima haupitishi maji. Maji hukaa mahali pawili: juu, katika tabaka la mwamba uliooza ukawa kichanga na udongo, ambalo unene wake hutofautiana kutoka mita chache hadi makumi ya mita, na chini yake, ndani ya mipasuko. Tabaka la juu ndilo ghala, kwa kuwa lina nafasi nyingi ndogo ndogo za kuhifadhia maji ya mvua, na mipasuko ndiyo njia ambamo maji hayo husafiri. Kisima kirefu kizuri katika nchi ya aina hii ni kile kilichokata mpasuko ulioungana na ghala nene lililo juu yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kijiji kilicho jirani na mgodi wa dhahabu kinapaswa kulijua kuliko jambo jingine lolote. Dhahabu ya huko iko katika mishipa ya kwatzi iliyojaza kanda ambazo mwamba ulisagika na kupasuka zamani sana, na kanda hizo hizo mara nyingi ndizo njia kuu za maji. Baadhi zimezibwa kwa madini na udongo wa mfinyanzi na hazipitishi kitu, lakini nyingine zinapitisha maji vizuri sana, na mgodi unaofuata mshipa wa dhahabu unaweza kuwa unaifuata njia ile ile inayolisha visima vya kijiji. Kwa hiyo kilomita mbili ulizozitaja hazitoshi kutuambia lolote. Kisima kilicho mita 500 ubavuni mwa mshipa kinaweza kisiguswe kabisa, na kingine kilicho kilomita mbili mbele, juu ya ukanda ule ule unaochimbwa, kikaguswa mapema. Swali la kwanza la kumuuliza mjiolojia wa mgodi ni hili: ukanda wa mwamba mnaouchimba unaelekea upande gani, na visima vyetu viko wapi ukilinganisha na mstari huo?

Shimo la wazi likishuka chini ya usawa wa maji, maji ya pande zote huanza kulielekea, na ili sakafu ibaki kavu mgodi hupampu kutoka kwenye visima vilivyochimbwa kando ya shimo au kutoka kwenye karo iliyochimbwa sakafuni. Usawa wa maji hushuka sana karibu na shimo na hushuka kidogo kadiri unavyokwenda mbali. Mshusho huo hausambai kwa duara safi kama michoro mingi inavyoonesha. Katika mwamba wenye mipasuko hurefuka kufuata ukanda na hukatizwa ghafla pale ulipo ukuta wa mwamba usiopitisha maji.

Nitoe hesabu moja ya mfano ili kuonesha kwa nini wataalamu wawili wanaweza kutoa majibu yanayopishana sana kuhusu mgodi mmoja. Hesabu hiyo inatumia kanuni ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946, na inachukulia mwamba ulio sawa pande zote ambao haupokei mvua. Tuseme uwezo wa mwamba kupitisha maji ni mita za mraba 10 kwa siku, na pampu zimefanya kazi kwa mwaka mmoja. Iwapo maji yako wazi katika tabaka la juu, ambalo linaweza kuachia asilimia 5 ya ujazo wake, mshusho utakuwa umefika mita 400 hivi kutoka kwenye pampu. Iwapo maji yamebanwa ndani ya mipasuko, ambako kiasi kinachoachiwa ni sehemu moja tu katika 10,000, mshusho utakuwa umefika kilomita 9. Ukingoni mwa umbali huo mshusho ni mdogo sana, na mwamba halisi haufanani na ule wa kwenye kanuni, kwa hiyo msizichukue tarakimu hizi kuwa ndizo za kwenu. Nimezitoa ili muone kwamba mtu anayesema athari haiwezi kupita mita 400 na anayesema inaweza kufika kilomita kadhaa wote wanaweza kuwa wamekokotoa sawasawa. Kinachowatofautisha ni aina ya mwamba wanaouzungumzia, na ndiyo sababu hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya kupima.

Kuhusu baruti, wazee wasipuuzwe, lakini athari yake kwa kawaida ni ndogo na ya karibu. Mlipuko unaweza kutikisa kisima kilicho jirani sana na shimo, ukachafua maji kwa saa au siku kadhaa, ukabandua kutu na tope lililoganda kwenye kuta za kisima. Kupungua kwa maji kunakoendelea miezi na miaka, tena kilomita mbili kutoka shimoni, kwa kawaida hutokana na maji kuondolewa au kutorudishwa na mvua. Hata hivyo andikeni siku na saa za milipuko kwenye daftari lenu. Kama maji huchafuka ndani ya saa chache baada ya kila mlipuko, jambo hilo litaonekana lenyewe.

Sasa nizungumzie kauli kwamba visima vya mgodi havioneshi tatizo. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isihusu kisima chenu. Yapo mambo manne ya kuyaangalia. La kwanza ni mahali: kisima cha ufuatiliaji kilicho upande mwingine wa shimo, au nje ya ukanda unaoelekea kijijini, hakiwezi kuwasemea. La pili, ambalo naona ndilo husahauliwa zaidi, ni kina. Kisima kinachopima tabaka la juu tu kinaweza kuonesha utulivu huku shinikizo la maji katika mipasuko ya chini likishuka, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ulio katikati huchelewesha habari; na kinyume chake hutokea pia. Ndiyo maana ufuatiliaji mzuri huweka mahali pamoja visima viwili vyembamba, kimoja kikiishia katika tabaka la juu na kingine katika mipasuko, kila kimoja kikiwa na kichujio kifupi mahali kinapopima na kizuizi cha saruji au bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) kinachozuia maji ya tabaka moja kuingia jingine. Kisima kilichoachwa wazi toka juu hadi chini hupima mchanganyiko ambao hakuna anayeweza kuutafsiri kwa uhakika.

Jambo la tatu ni tangu lini. Vipimo vya kabla ya shimo kufikia maji ndivyo msingi wa yote, na mwaka mmoja kamili wa mvua na kiangazi ni kiwango cha chini kabisa; miaka miwili au mitatu ni bora zaidi, kwa kuwa mwaka mmoja unaweza kuwa wa mvua nyingi au wa ukame na ukapotosha kipimo cha hali ya kawaida. Kama hamkupima wakati huo, msikate tamaa. Mchimbaji wa kisima chenu alipaswa kujaza fomu inayoonesha tarehe, aina ya mwamba kila baada ya mita chache, kina ambacho maji yalikutwa, na kina ambacho yalitulia baada ya kuchimba. Itafuteni fomu hiyo RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilayani na katika ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Kipimo kimoja cha zamani chenye tarehe, kilichochukuliwa kisima kikiwa kimetulia, kinaweza kuwa ushahidi wenu wa thamani kuliko maneno yote yatakayosemwa mkutanoni. La nne ni vipimo vyenyewe: ombeni tarakimu ghafi, kila kisima na kila tarehe, badala ya wastani wa mwaka au mchoro uliokwisha kupangwa.

Nije kwenye namna ya kupima wenyewe. Kisima kinachofaa zaidi ni kile kisichotumika, chenye kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) nzima, kilicho katika mwamba ule ule wa visima vyenu. Kama hakipo, mwombeni fundi aweke tundu dogo lenye kifuniko kwenye bamba la chini la pampu, ili tepu iweze kupita pembeni ya bomba bila kuifungua pampu kila mara. Chagueni sehemu moja ya ukingo wa kesingi, muipige msumeno alama ndogo na kuipaka rangi, kisha mpime kimo cha alama hiyo kutoka kwenye zege na mkiandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila kipimo kianzie kwenye alama hiyo. Nimeona kumbukumbu za miaka zikikosa maana kwa sababu zege lilijengwa upya, kesingi ikakatwa, na hakuna aliyeandika.

Chombo cha kawaida ni tepu ya umeme yenye kihisi mwishoni, ambacho hulia na kuwasha taa kinapogusa maji. Isipopatikana, tepu ya chuma na chaki hufanya kazi hiyo hiyo kwa usahihi wa sentimita. Mita mbili za mwisho za tepu hupakwa chaki, tepu hushushwa taratibu hadi ncha yake iingie majini, na namba iliyo kamili, tuseme 20.00, hushikwa sawa na alama ya rangi. Tepu ikipandishwa, chaki iliyolowa hubadilika rangi na mpaka wake huonekana wazi. Kama imelowa mita 1.35 za mwisho, maji yako mita 18.65 chini ya alama. Kabla ya kushusha tepu katika kisima cha kunywa, ifuteni kwa maji yenye klorini, na ncha yake isiwekwe chini ardhini.

Muda wa kupima ndio huharibu vipimo vingi vya vijijini. Kisima kinachotekwa siku nzima huwa na maji yaliyoshuka kwa sababu ya ndoo zenu wenyewe, na kipimo cha saa nane mchana hakiwezi kulinganishwa na cha alfajiri. Fungeni pampu kwa kufuli tangu saa mbili usiku, mpime saa kumi na moja alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza, mngoje dakika kumi, mpime tena. Vipimo vikilingana, maji yametulia. Cha pili kikionesha maji yamepanda, kisima bado kinajirudisha. Andikeni vyote viwili pamoja na saa, na msichague kinachowapendeza. Pimeni kila wiki siku ile ile. Mkishindwa, kila mwezi bila kukosa. Kando ya kila kipimo andikeni nani amepima, pampu ilifungwa saa ngapi, na kama kuna jambo lisilo la kawaida. Kipima mvua cha shule au cha bwana shamba kisomwe kila asubuhi saa tatu.

Inawezekana mgodi una vihisi vinavyoachwa ndani ya kisima na kurekodi kila saa. Hivyo ni vyombo vizuri, lakini vingi hupima shinikizo la maji pamoja na la hewa iliyo juu yake, na ni lazima shinikizo la hewa liondolewe kwa kutumia kihisi kingine kilichoachwa nje. Katika mwinuko wa mita 1,500 hewa hukandamiza kwa hektopaskali (kipimo cha shinikizo) 845 hivi, ilhali usawa wa bahari ni 1,013. Anayetumia tarakimu ya baharini katika nyanda zetu hujiongezea kosa la mita 1.7 za maji. Aidha, katika nchi za joto kama yetu shinikizo la hewa hupanda kufikia saa nne asubuhi na kushuka kufikia saa kumi alasiri karibu kila siku, na hilo peke yake hutosha kuonesha maji yakicheza kwa sentimita tatu au nne bila tone moja kuondoka. Kwa sababu hiyo kila kihisi lazima kihakikiwe kwa tepu ya mkono, na tarehe za uhakiki ziwe sehemu ya kumbukumbu mnazoomba.

Mkishapata msimu mmoja, anzeni kusoma. Huko kwenu mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na maji ya chini ya ardhi hufuata kwa kuchelewa: hufika juu kabisa Aprili au Mei, au baadaye pale tabaka la juu lilipo nene, na hufika chini kabisa mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua mpya haijapenya. Kwa hiyo Mei hailinganishwi na Oktoba. Oktoba hulinganishwa na Oktoba, Mei na Mei. Mwaka wa mvua chache huonekana katika Mei isiyopanda. Uvutaji wa pampu huonekana mara nyingi katika Oktoba inayozidi kuzama ingawa mvua zilikuwa nzuri.

Lakini kinachoweza kulijibu swali lenu kwa nguvu zaidi ni kisima cha kulinganishia: kisima kilicho mbali na mgodi, kwa upande usiofuata ukanda unaochimbwa, chenye mwamba na mvua zinazofanana na zenu. Chukueni tarakimu hizi za mfano tu. Tuseme mwishoni mwa Oktoba, kwa miaka mitatu mfululizo, kisima chenu kilikuwa na kina cha mita 14.2, kisha 14.6, kisha 17.9, na kisima cha kulinganishia kilikuwa na 9.8, kisha 10.1, kisha 10.4. Kisima cha mbali kimeshuka sentimita 30 kila mwaka, na huo ndio mkono wa mvua. Kisima chenu kilishuka sentimita 40 mwaka wa pili, jambo la kawaida, kisha mita 3.3 mwaka wa tatu. Takriban mita 3 kati ya hizo haziwezi kuelezwa kwa ukame, maana ukame ule ule ulikipata kisima cha kulinganishia na kukishusha kidogo tu. Hapo mgodi hauwezi tena kusema neno ukame na kunyamaza. Inabidi ueleze mita 3 zimekwenda wapi.

Mvua yenyewe isomwe kwa limbikizo. Chukueni mvua ya kila mwezi, mtoe wastani wa miaka mingi wa mwezi huo, mjumlishe tofauti mwezi baada ya mwezi. Mstari unaopatikana hupanda katika miaka ya neema na kushuka katika miaka ya uhaba, na kwa kawaida usawa wa maji katika kisima kisichoguswa hufuata mstari huo kwa karibu. Siku mistari hiyo inapoachana, tafuteni kilichobadilika mwezi huo.

Upo pia ushahidi ambao hamwezi kuupanga lakini mnaweza kuudaka. Pampu za mgodi husimama mara nyingine kwa hitilafu ya umeme au matengenezo. Kama mnapima kila siku katika kipindi hicho na maji yenu yanapanda bila mvua, kisha yanashuka tena pampu zikiwashwa, huo ni ushahidi ambao ni vigumu sana kuupinga. Kwa sababu hiyo ombeni mgodi uwape tarehe za kusimama na kuwaka kwa pampu pamoja na ujazo unaotolewa kila siku kwa kipimo cha mita, badala ya makadirio.

Lazima niseme pia jambo ambalo wengine kijijini hawatalipenda. Maduara (mashimo) ya wachimbaji wadogo nayo yanapampwa maji, mialo ya kuoshea dhahabu nayo inatumia maji, na kama kijiji kimekua, ndoo zenyewe zimeongezeka. Yaandikeni haya yote kwa uaminifu ule ule. Duara lenye pampu ya dizeli mita 150 kutoka kisimani linaweza kuwa na athari kubwa kuliko shimo kubwa lililo kilomita mbili, na mkilificha, watu wa mgodi watalitaja kwanza na kumbukumbu zenu zote zitatiliwa shaka.

Uliuliza kama vipimo vyenu vitasikilizwa. Vitasikilizwa zaidi mkivichukua mbele ya watu. Mwalikeni afisa mazingira wa mgodi na mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa waje kupima nanyi angalau mara moja kila robo mwaka, kila upande kwa tepu yake, kisha wote wasaini ukurasa mmoja. Tepu zikitofautiana, tofauti hiyo imalizwe palepale kisimani. Bodi ya bonde ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, sheria ambayo inaweka mahitaji ya maji ya nyumbani mbele ya shughuli za kiuchumi; kwa hiyo barua yenu ya kwanza iende huko, nakala kwa RUWASA na halmashauri. NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, nayo husimamia masharti ya cheti cha mazingira cha mgodi, na katika tathmini ya athari kwa mazingira mtakuta kile ambacho mgodi wenyewe ulitabiri kuhusu maji yenu. Tafuteni sura hiyo msome mshusho uliotabiriwa kwa upande wa kijiji na mwaka ulipotarajiwa. Kama halisi imezidi utabiri, hoja yenu inasimama juu ya maandishi ya mgodi wenyewe.

Katika mazungumzo hayo dai moja lipewe uzito: kiwango cha tahadhari kinachokubaliwa mapema kwa kila kisima. Kiwango hicho kiwekwe chini kidogo ya kina kikubwa kabisa kilichowahi kufikiwa kwa sababu za msimu, na juu ya silinda ya pampu kwa mita za kutosha, ili hatua zichukuliwe kabla akina mama hawajakosa maji. Iandikwe pia hatua zenyewe ni zipi: kikivukwa mara ya kwanza, kupima kila siku na kutoa taarifa ndani ya wiki, kikiendelea kushuka, mgodi ulete maji ya mbadala kwa gharama zake wakati sababu ikichunguzwa. Kupima bila kukubaliana hatua huzalisha mafaili tu.

Kina cha maji hakisemi lolote kuhusu usafi wake, kwa hiyo angalau mara mbili kwa mwaka sampuli zichukuliwe na maabara ya maji, hasa kama bwawa la topesumu (tope lenye kemikali linalobaki baada ya dhahabu kutolewa) liko upande ambako maji hutiririkia kijijini. Kwa wasomaji wa Rungwe, Ileje, Mbinga na Ludewa, walio jirani na makaa ya mawe au miamba ya volkeno, kanuni za kulinganisha ni hizi hizi, lakini mwamba wenu ni mwingine: wenye chemchemi wapime ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi, mahali pale pale, kila wiki.

Mwisho ni habari ya siku ambayo mgodi utafungwa. Pampu zikizimwa, shimo hujaa polepole, na kwa miaka mingi huendelea kuvuta maji ya pembeni ili kujijaza. Mahali ambapo jua hukausha maji mengi kuliko mvua inayonyesha juu ya ziwa hilo, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Chunya, usawa wake unaweza kubaki chini ya maji ya ardhini yanayolizunguka daima, na shimo likaendelea kuvuta baada ya mashine zote kuondoka. Kwa hiyo ulizeni mpango wa kufunga mgodi unasema nini kuhusu visima vya ufuatiliaji: vipi vitabaki, nani atavipima, kwa miaka mingapi, na fedha zake zimewekwa wapi. Kama mpango hauvitaji, ombeni kwa maandishi vitajwe, na kisima cha kulinganishia kiwe kimojawapo. Kipimo chenu cha kwanza kichukuliwe kabla ya mvua za Novemba, maji yakiwa chini kabisa.